Kitufe cha Mama na mjengo wa jirani: shajara ya mradi, Tudor, Mombasa

10 Mei 2025

Shabaha ya mradi ni hii: Mama akianguka ndani ya nyumba yake hapa Tudor wakati mashine za jirani zinanguruma, mtu ajue upesi, na anayekuja kumsaidia apate njia ya kufika mlangoni.

Nimeiandika hivyo makusudi. Kwenye kikundi cha familia maneno yaligawanyika tangu mwanzo. Kaka aliye Maskati anatuma picha za saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo. Dada wa Kisauni anasema saa za nini, twende NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mjengo ufungwe. Shangazi anataka Mama ahamie kwake Likoni, na Mama anajibu kwamba nyumba hii aliijenga na marehemu Baba, hatolewi na vumbi. Kwa maoni yangu wote wanazungumzia jambo moja.

Kisa wanakijua wote. Mama aliteleza bafuni asubuhi. Msichana anayemsaidia kazi alikuwa uani akifua, hatua chache tu. Nyuma ya ukuta drili ilikuwa inavunja mwamba wa matumbawe, maana wenye mjengo wanachimba maegesho ya magari chini ya ardhi. Mama aliita, akagonga ndoo kwa kata, akachoka. Alisikika mafundi waliposimama kunywa chai. Hakuvunjika kitu, alhamdulillahi, ila nyonga ilivimba na sasa anaogopa kuoga mlango ukiwa umefungwa.

Juu ya hayo kuna hofu nyingine ambayo sitaki kuikuza wala kuidharau. Mwezi uliopita tu, Mshomoroni, jengo la ghorofa 11 lilianza kuzama, majirani wakahamishwa, likaangushwa kwa makusudi. Dada anakaa upande huo. Kila lori la kokoto likipita kwetu, anapiga simu.

17 Mei

Kazi ya kwanza haikuhitaji wakili wala pesa: kusoma kibao. Mjengo halali huwa na kibao chenye jina la mwenye mradi, kontrakta, msanifu na mhandisi, pamoja na namba za vibali. Cha hapa kimefungwa kwa ndani ya uzio wa mabati, kimeelekea mikisa ya kuchanganyia zege, kama kwamba mikisa ndiyo inayotaka kujua. Nilikipiga picha lango lilipofunguliwa lori liingie. Namba ya leseni ya NEMA ipo, usajili wa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, upo. Mahali pa kibali cha kaunti hapasomeki.

Nimejiandikia nani anashika nini, kwa sababu mkazi akibisha mlango usiohusika atazungushwa mpaka achoke. Kaunti ndiyo inayotoa ruhusa ya kustawisha ardhi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019: ghorofa ngapi, umbali gani kutoka mpakani, magari yatapita wapi. NEMA inashughulikia mazingira, ikiwemo kelele, vumbi na mtetemo. NCA ni ya makontrakta na usajili wa mradi wenyewe. Jukwaa, nyavu, kreni na usalama wa wafanyakazi viko kwa kurugenzi ya usalama na afya kazini. Mzee wa mtaa na chifu hawatoi kibali chochote, lakini barua iliyopita kwao hupewa uzito, na isitoshe chifu anaweza kumwita kontrakta kikao akaja siku hiyo hiyo.

Msingi wa yote ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, na kinasema wazi kwamba mlalamikaji hahitaji kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Nimeipigia mstari sentensi hiyo, kwa sababu jibu tulilopewa langoni lilikuwa, "Lakini mama hakuvunjika, sivyo?"

Niongeze na upande wa pili. Hatuna haki ya kumzuia jirani asijenge. Ardhi ni yake, na mji unahitaji nyumba. Tunachodai ni namna anavyojenga.

29 Mei

Kelele. Kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo za 2009 zina jedwali la maeneo ya ujenzi peke yake. Ujenzi ulio kwenye makazi: desibeli 60 mchana, 35 usiku. Na mchana wa ujenzi unaishia saa 12 jioni. Mtetemo usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde ukishavuka mpaka wa kiwanja.

Desibeli 60 ni kiasi cha mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu. Kila zikiongezeka 10, sikio huhisi sauti imekuwa maradufu. Programu ya simu yangu, iliyowekwa dirishani mwa bafu la Mama, ilipanda na kushuka kati ya 70 na 80 na kitu wakati wa drili. Kipimo cha simu hakina uzito mahakamani, na sikukusudia kukipeleka huko. Nilitaka kujua kama inafaa kumwomba afisa mwenye mita iliyopimwa aje. Inafaa.

Jaribio lililonisaidia zaidi halikuwa na kifaa chochote. Dada aliingia bafuni, akafunga mlango, akaita kwa nguvu zake zote. Nilikuwa uani pale pale anapofulia msichana. Drili ikifanya kazi sikusikia kitu, hata nikijua kwamba anaita. Drili ikinyamaza, nilimsikia mpaka akijichekesha. Nimerekodi video ya yote mawili, bila kukata, na ndiyo nitakayoipeleka NEMA. Afisa anaweza kubishana nami juu ya namba. Video hiyo haina mabishano.

14 Juni

Vifaa. Nimevigawa kwa swali moja: nani anapokea?

Aina ya kwanza ni ile ya Marekani tunayoiona kwenye matangazo. Bibi amevaa kidude shingoni, anabonyeza, sauti tamu ya kituo inamjibu, kituo kinaita ambulensi. Kaka aliipenda. Kinachouzwa pale si kidude, ni kituo: watu waliokaa usiku na mchana, na mfumo wa anwani wanaoweza kuusoma. Kituo hicho hakiwezi kumwelekeza dereva "nyuma ya msikiti, lango la kijani, uliza kwa muuza mahamri". Tena vidude vingi vya huko vimetengenezwa kwa masafa ya mitandao ya huko, ilhali 4G ya hapa inategemea sana masafa ya megahertz 800 na 1800. Kikifika hapa huenda kikabaki pambo.

Aina ya pili, saa ya mkononi. Apple Watch imekuwa ikitambua mtu akianguka tangu toleo la 2018, na ikiona ametulia bila kujibu kwa muda wa kama dakika moja, hupiga simu ya dharura yenyewe. Ni uhandisi mzuri. Lakini inataka iPhone ya kuioanisha, inataka chaji karibu kila siku, na Mama ana kabambe, simu ndogo ya vitufe, anayoipenda. La kumaliza mjadala lilitoka kwake mwenyewe: "Saa naivua nikitia udhu." Mara tano kwa siku anaivua, na mara ngapi ataikumbuka? Na bafuni, mahali pa kuanguka, ndipo atakapokuwa hana.

Aina ya tatu ni kidude cha shingoni chenye laini yake ya simu, GPS, kipaza sauti na kitufe kimoja kikubwa. Ukibonyeza, kinapiga namba ya kwanza. Isipopokelewa kinakwenda ya pili, kisha ya tatu, na kinatuma ujumbe wenye ramani. Hakimtegemei mtu wa mbali.

Aina ya nne hakuna aliyeitaja kwenye kikundi kwa sababu haina fahari: kengele ya mlango isiyo na waya. Kitufe kinabandikwa ukutani bafuni, chini kabisa, usawa wa mkono wa mtu aliyelala sakafuni. Kengele yenyewe inakaa mahali penye watu. Haina laini wala salio, na haitumi siri za mtu kwenye kompyuta ya nchi ya mbali.

Hilo la siri si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Avast walikuta vifaa vya GPS vya bei rahisi karibu 600,000 duniani vimeachwa na nywila ile ile ya kiwandani, 123456. Yeyote angeweza kujua mvaaji yuko wapi. Vingi kati ya hivyo huuzwa kwa ajili ya watoto na wazee.

Uamuzi wa leo: ya tatu na ya nne, zote mbili. Kaka amekubali kununua ya tatu. Masharti niliyompa: iwe ya 4G ya masafa ya hapa, isiyoingia maji kwa kiwango cha IP67, nywila ibadilike, na kipaza sauti chake kisikike kwa mtu mwenye sikio zito.

28 Juni

Barua. Tuliandika mbili, si moja, na nakala zake zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ndio mali. Barua isiyo na muhuri ni hadithi.

Ya kwanza kwa NEMA: malalamiko ya kelele na vumbi, picha, ile video, na kipengele kimoja kilichoandikwa kwa herufi nzito: katika nyumba inayopakana anaishi mzee aliyeanguka na asisikike. Tumeomba mambo manne tu. Drili ifanye kazi kwa saa zinazojulikana na zibandikwe langoni. Wavu na maji ya kutuliza vumbi, kwa kuwa mjengo uko upande wetu wa kusi na upepo wote wa miezi hii unatuletea sisi. Njia isizibwe. Nyufa zipimwe.

Ya pili ni ya kuomba nakala ya ripoti ya mazingira iliyowezesha leseni kutolewa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Akinyamaza, ngazi inayofuata ni Tume ya Haki za Utawala. Hatukudai saa 48. Nilitaka tuonekane watu wa kuzungumza nao.

Binamu aliye London alishangaa kwamba hatukupewa notisi ya maandishi kabla ya kuchimba karibu na msingi wetu. Kule wana sheria ya kuta za mpakani ya 1996 inayomlazimu mchimbaji aliye ndani ya mita 3, na wakati mwingine 6, kumjulisha jirani kwanza. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo peke yake, kwa hiyo kazi ya ushahidi tunaifanya wenyewe. Kila ufa uliopo nimeuwekea alama ya penseli kwenye ncha zake, tarehe pembeni, na kuupiga picha pamoja na rula. Ufa ukivuka alama, umevuka. Atakayesema ulikuwepo tangu zamani ataonyeshwa penseli.

12 Julai

Kidude kimewasili, kimeletwa na mtu aliyekuja likizo kutoka Maskati. Yafuatayo hayamo kwenye kijitabu chake.

Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha Mama mwenyewe, si changu. Kisanduku cha sauti kimezimwa kwenye simu zote zilizo kwenye orodha. Kikipokea chenyewe, kidude huhesabu simu imepokelewa na hakiendi kwa mtu wa pili, Mama anabaki anazungumza na mashine. Namba ya kwanza nimeweka ya jirani wa ng'ambo ya njia, anayepika viazi karai na kushinda nyumbani. Mimi ni wa tatu. Kaka alinuna kidogo kuwa wa mwisho, lakini kutoka Maskati atafanya nini zaidi ya kutupigia sisi?

Kipima-kuanguka kilitupa kazi. Mama husali kwa kusimama na kusujudu kama kawaida yake, na kidude kilichoning'inia kiligonga sakafu alipokwenda sijida. Kikaita. Jirani akaja mbio na mwiko mkononi, akamkuta Mama kwenye tahiyatu. Tumefupisha uzi na sasa anakibana ndani ya nguo kwa pini, leso juu yake. Nimepunguza pia wepesi wake wa kuhisi, nikijua nini ninachotoa: mtu anayeporomoka taratibu akishika ukuta huenda kisimhisi kabisa. Kwa hiyo kitufe ndicho tegemeo, kuhisi ni ziada.

Na kitufe kina adui wake. Utafiti mmoja wa Cambridge uliochapishwa 2008 katika jarida la BMJ uliwafuatilia watu wa zaidi ya miaka 90. Wengi walikuwa na kengele ya kuitia msaada, na walipoanguka wakiwa peke yao wakashindwa kuinuka, kama wanne kati ya watano hawakuitumia. Nilipomsomea Mama alisema, "Labda hawakutaka kusumbua watu." Niliposikia hivyo nilijua tunaye mmoja wao ndani ya nyumba. Tumepanga kila Ijumaa baada ya Alasiri abonyeze, jirani apokee, wasalimiane. Inafanya mambo mawili: laini haikai bila kutumika mpaka ikafungwa, na kubonyeza kunakuwa mazungumzo, hakuwi tena aibu.

26 Julai

Kengele ya bafuni. Ya kwanza tuliyonunua ilikuwa na nyimbo nyingi na haikusikika uani hata moja drili ikiwa kazini. Kwa nini nilitarajia kengele ishinde sauti iliyomshinda Mama, sijui. Tumeibadilisha kwa ile inayomulika taa nyeupe kali inapolia. Imewekwa ukutani mbele ya karo la kufulia, na ya pili, iliyounganishwa na kitufe kile kile, iko kwa jirani. Kuta za zamani za mawe hupunguza mawimbi yake, tulihamisha ya jirani mpaka dirishani ndipo ikashika.

Sasa njia. Tulifanya zoezi: tuseme kitufe kimebonyezwa, jirani amekuja, nyonga imevunjika, tumepiga 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hospitali ya Coast General iko karibu sana, watu wa Tudor tunaitembelea kwa miguu. Ambulensi inafika mdomo wa njia. Mbele yake malori mawili ya kokoto yamesimama moja nyuma ya jingine, dereva mmoja amelala chini ya kivuli cha lake, wa pili ameenda kutafuta chakula. Nilipima muda wa kuyaondoa siku ile kwa kumwomba fomani kwa heshima. Madereva walipatikana baada ya jirani kumaliza kukaanga karai nzima.

Teknolojia ya Kaka haina la kufanya hapo. Nimeandika barua ya nyongeza kwa kaunti, idara ya mipango na ile ya uchukuzi, kuhusu njia peke yake.

16 Agosti

Ripoti ya mazingira imepatikana. Imeandikwa vizuri, ina picha za rangi, na mwishoni ina fomu za maoni ya majirani. Fomu moja ni ya nyumba yetu. Inasema mkazi amefurahia mradi na hana pingamizi, na imetiwa saini kwa herufi za Kilatini. Mama hutia saini kwa herufi za Kiarabu, hivyo hivyo tangu ujana wake, benki na kwenye kitambulisho.

Aliitazama fomu kwa muda. "Huyu mimi ana mwandiko mzuri," akasema.

Hili lilibadilisha sauti ya mradi wote. Ushirikishwaji wa majirani si pambo la ripoti. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Dada alitaka twende huko moja kwa moja. Rufaa kwa jopo hilo ina muda wa siku 60 tangu uamuzi, na leseni hii ilitolewa kabla hata hatujasikia drili. Wakili tuliyemuuliza anasema mlango haujafungwa kabisa, lakini ni wa kusukuma.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Mombasa, na ina meno. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri waliingia huko 2016, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Walishinda. Lakini hesabu miaka. Mama anataka kuoga kwa amani mwaka huu.

Tumeamua: fomu ile tumeipeleka NEMA pamoja na nakala ya saini halisi, na nyingine kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Mahakama tunaiweka kiporo. Kontrakta amejulishwa kwa maandishi kwamba iko kiporo.

6 Septemba

Mambo yameanza kwenda. Afisa wa NEMA alikuja na mita yake, akasimama uani kwetu, akapima, akaandika. Siku zile zile kukawa na kikao kwa chifu: mwenye mradi, kontrakta, majirani wa pande zote, mzee wa mtaa. Mama alihudhuria akiwa amevaa kidude juu ya buibui, si ndani, kwa makusudi yake.

Fomani, kijana mwenye adabu, alianza, "Mama, tuvumilie, tunamaliza wiki hii." Mama akamjibu kwamba amemsikia akisema wiki hii tangu masika.

Yaliyokubaliwa na kutiwa saini: drili na grenda saa tatu mpaka saa sita, na saa nane mpaka saa kumi, ratiba ibandikwe langoni na itumwe kwa simu. Wavu upande wetu. Malori yasubiri barabara kubwa, yaingie moja moja, na dereva asishuke. Mhandisi wao apime nyufa zetu pamoja na mtu wetu. Nakala ya bima yao ya ujenzi, sehemu inayogusa mali na watu wa jirani, itolewe.

Ratiba ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Msichana wa kazi sasa anajua saa ambazo sikio halifai, na kwa saa hizo hafui. Anakaa ndani, na Mama anaoga kabla ya saa tatu. Kaka aliuliza ilikuwa programu gani. Ni karatasi iliyobandikwa kwa selotepu.

Zege la usiku lilileta mabishano. Slabu ya kwanza walianza kumwaga alasiri na kumaliza usiku mkubwa, vibreta vya kushindilia zege vinapiga kelele kuta zikitetemeka. Nilipopinga, mhandisi alieleza kwamba zege halikatizwi katikati: likishika, la kesho haliungani nalo vizuri na slabu inabaki na mstari dhaifu. Ni kweli, na mimi ndiye wa mwisho kutaka slabu dhaifu juu ya ukuta wetu. Lakini jibu lake linataka waanze alfajiri. Halihalalishi kumaliza saa tano usiku. Wamekubali. Slabu ya pili ilianza kulipopambazuka na ikaisha kabla ya Magharibi.

11 Oktoba

Kreni imesimikwa. Mkono wake unapita juu ya paa letu na nondo zikiwa zimening'inia. Kontrakta alisema hewa haina mwenyewe. Nilimpelekea kifungu cha 260 cha Katiba, kinachotafsiri maana ya ardhi: inajumuisha anga iliyo juu ya uso wake. Hatukumdai kodi. Tumeandikiana kwamba mzigo haupiti juu ya paa, na mwendeshaji amewekewa mpaka wa kuzungusha. Nakala imekwenda kwa kurugenzi ya usalama kazini.

Kitufe kimetumika kweli. Mama alipata kizunguzungu akitoka msalani, akakaa sakafuni kabla ya kuanguka, akabonyeza cha ukutani. Ilikuwa ndani ya saa za drili. Taa ikamulika uani, msichana akamfikia, jirani akafuata. Presha ilikuwa imeshuka. Daktari amebadilisha dozi. Kidude cha shingoni, cha ghali, alikuwa amekiacha kwenye chaji. Sasa kinachajiwa usiku akiwa amelala, na cha kitandani kimeongezwa: kengele nyingine ya mlango.

Hali ya kazi ilivyo leo. Ufa wa chumba cha wageni umevuka penseli kwa upana wa ukucha, mhandisi wao ameupiga picha na kukubali kwa maandishi kuurekebisha mjengo ukifika paa. Wa jikoni haujasogea. Kamati ya malalamiko imetujibu kuwa imepokea suala la fomu, bado haijaja. NEMA imetoa notisi ya kurekebisha, wavu umewekwa. Kaunti haijajibu barua ya njia, ila malori yanasubiri barabarani. Nakala ya bima haijaletwa. Nimemkumbusha kontrakta kwa barua yenye muhuri, na Jumatatu nitakwenda nayo mwenyewe.